Mwalimu Nyuma ya Kaunta



Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka Marekani. Aliyeiandika alikuwa mmoja wenu zamani: aliketi katika ukumbi huu huu wa parokia, akajifunza katekisimu kwetu, akaimba katika kwaya, akaoa. Baadaye vita vikamtoa nyumbani, akaishi kambini miaka mingi, na hatimaye yeye, mkewe na watoto wao wakapokelewa katika nchi ile ambayo imekwisha kuwapokea wakimbizi wa Kongo kwa maelfu. Sasa anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Hakutuandikia ili kuomba kitu. Alituandikia ili kuuliza swali.

Binti yake wa miaka saba alikuwa amerudi kutoka shuleni na karatasi yenye rangi za kupendeza. Karatasi ilisema kwamba siku ya Jumanne jioni walimu wa shule watakuwa katika mkahawa fulani wa vyakula vya haraka, wamevaa aproni za mkahawa huo, wakiwahudumia wateja. Kila familia ilialikwa kuja kula, na sehemu ya mauzo ya jioni hiyo ingekwenda shuleni kwa ajili ya vitabu. Darasa litakaloleta familia nyingi kuliko mengine lingepata zawadi. Mtoto hakulala. "Baba, mwalimu wangu atakuwa pale. Amesema atanitafuta kwa macho."

"Mwalimu," anatuandikia baba huyo, "hapa mtu hakatazwi kukataa. Lakini nikikataa, mtoto ataona kwamba nimemkataa mwalimu wake. Na nikikubali, nitakuwa nimekubali nini?"

Swali hilo tumekaa nalo majuma matatu. Jina la mkahawa ule na la shule ile tunayaacha, kwa kuwa hatukuwapo na hatuna mashtaka juu ya mtu. Lakini jambo lenyewe si la shule moja. Nchini Marekani linajulikana sana, limeandikwa magazetini, limebishaniwa na vyama vya walimu, na tunaona linafaa kufikiriwa na vijana kama ninyi ambao kila mwaka mnahangaika kutafuta fedha za kermesi, za safari na za sare za kwaya.

Kampuni iliyojulikana zaidi kwa desturi hii ni McDonald's. Jioni zake za namna hiyo ziliitwa McTeacher's Nights, yaani usiku wa walimu, huku herufi mbili za kwanza za jina la kampuni zikiwa zimebandikwa mbele ya neno lenyewe la mwalimu. Utaratibu ni ule ule alioueleza ndugu yetu. Kwa saa chache walimu, na mara nyingine mkuu wa shule pamoja nao, husimama nyuma ya kaunta, hupokea maagizo, hugawa hambaga na viazi vya kukaanga, hubeba sinia, wakati wanafunzi na wazazi wao wamepanga mstari mbele yao. Walimu hujitolea. Mwenye mkahawa hupima mauzo ya saa hizo na kuipa shule sehemu yake, mara nyingi asilimia 10, 15 au 20. Familia ya watu watano ikitumia dola 40, basi shule itapata dola 4, au 6, au 8 ikiwa na bahati.

Tusiwe wepesi kuwahukumu walimu wale. Wengi wetu tunadhani kwamba shule ya Marekani haikosi kitu. Sivyo. Shule za serikali kule hutegemea kwa sehemu kubwa kodi inayotozwa juu ya nyumba na viwanja vya mahali zilipo, hata mtaa wenye nyumba za bei ndogo huwa na shule yenye mfuko mdogo. Katika jimbo la California, mwaka 1978, wapiga kura waliiwekea kodi hiyo mpaka kwa sheria iitwayo Proposition 13, na shule za jimbo hilo zimebeba matokeo yake kwa miaka mingi. Mwalimu wa Marekani kununua kalamu na karatasi za wanafunzi kwa mshahara wake mwenyewe ni jambo la kawaida. Anayevaa aproni Jumanne jioni, baada ya kufundisha mchana kutwa, hafanyi hivyo kwa sababu anapenda harufu ya mafuta ya kukaangia. Amechoka, na anafanya kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana jambo hili linatusumbua zaidi kuliko kama lingefanywa na watu waovu.

Basi kampuni inanunua nini kwa asilimia zile 15? Msikimbilie kujibu kwamba inanunua wateja wa jioni moja. Jioni ya Jumanne mkahawa huuza kidogo tu, na familia mia moja zaidi ni faida, lakini ni faida ya kupita. Sisi tuliosomea ualimu tunaona kitu kingine.

Katika miaka yetu ya mafunzo, kabla hatujaruhusiwa kushika chaki, mkufunzi wetu alitufundisha kusimama. Tulicheka. Alitufanya tuingie darasani mara kumi, tutoke, tuingie tena, na kila mara aliwauliza wenzetu walioketi: mmemwamini? Alisema kwamba mtoto wa darasa la kwanza, kabla hajasoma ubao, husoma uso wa mwalimu, na kwamba kile ambacho uso huo unakikubali, mtoto hukikubali kabla hajajua kwa nini. Miaka thelathini baadaye tunaweza kusema kwamba yule mzee hakukosea. Mtoto akibishana na mama yake nyumbani husema, "Mwalimu amesema." Hamalizi sentensi, kwa kuwa kwake sentensi imekwisha hapo.

Wataalamu wamelieleza jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 2004 kikundi cha wanasaikolojia wa Marekani, kilichoundwa na chama chao cha kitaifa, kilitoa taarifa kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawajapata uwezo wa kutambua kwamba tangazo la biashara lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama habari ya kweli, jinsi wanavyopokea habari kwamba mvua inanyesha. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto 63, wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano, vyakula viwili viwili vilivyo sawa kabisa: kipande cha hambaga na kipande cha hambaga, karoti na karoti, kinywaji na kinywaji. Kimoja kilifungwa katika karatasi nyeupe, kingine katika karatasi ya McDonald's. Kwa vyakula vingi kati ya hivyo watoto walisema kilicho katika karatasi ya kampuni ndicho kitamu zaidi. Hata karoti, ambazo watafiti walikuwa wamezinunua dukani na ambazo mikahawa ile haikuwa ikiziuza.

Karatasi tupu iliweza kuibadilisha karoti kinywani mwa mtoto. Sasa ondoeni karatasi, mweke pale mwalimu. Mwekeni yule aliyemfunga mtoto viatu, aliyemfundisha kuandika jina lake, aliyempangusa machozi siku ya kwanza ya shule. Mvalisheni aproni yenye nembo. Hakuna tangazo la televisheni linaloweza kushindana na huyo, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kumwajiri kwa bei yoyote, kwa sababu thamani yake yote inatokana na kwamba hajaajiriwa. Nacho ndicho kilichouzwa Jumanne ile kwa dola 6 kwa familia.

Wala desturi hii haikuanzia kaunta, wala haiishii hapo. Mwaka 2007 katika wilaya ya Seminole, jimbo la Florida, watoto wa shule za msingi walipelekea wazazi wao buletini zikiwa ndani ya bahasha yenye picha ya kikaragosi wa McDonald's, yule mchekeshaji mwenye nywele nyekundu. Bahasha ilimwahidi mtoto chakula cha bure mkahawani akipata alama nzuri, au akiwa na mwenendo mwema, au akihudhuria vizuri. Watoto walikuwa 27,000 hivi. Kampuni ilikuwa imelipa gharama ya kuchapisha bahasha hizo, dola 1,600 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: haifiki hata senti kumi kwa mtoto, na kwa senti hizo kampuni iliingia katika karatasi ambayo kila mzazi lazima aifungue, aisome na kuitia sahihi. Mama mmoja alilalamika, watu wengine wakamuunga mkono, na Januari 2008 kampuni ikajiondoa. Inafaa kuongeza kwamba kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, bahasha zile zilikuwa na tangazo la kampuni nyingine, ya piza, na wilaya haikuwa imeona ubaya.

Tumeshika buletini nyingi mikononi mwetu. Tunajua jinsi mwalimu anavyokaa usiku akijumlisha, akijiuliza kama ampe mtoto huyu 49 au 50. Buletini ni neno la mwalimu kwa mzazi juu ya mtoto wake. Kwamba neno hilo linaweza kufungwa ndani ya ahadi ya viazi vya kukaanga, na ofisi nzima ya elimu isione kwamba kuna kitu kimehamishwa mahali pake, ni jambo linalotushangaza kuliko hambaga zenyewe.

Tena, katika jimbo la Iowa, mwalimu mmoja wa sayansi alikula katika mikahawa ya kampuni hiyo hiyo milo yote kwa siku 90, kisha akaendelea hadi siku 180, akipima uzito na damu yake, akitembea kwa miguu kila siku na kuhesabu alichokula. Alipungua uzito. Kama zoezi la darasani halikuwa baya; wanafunzi wake ndio waliompangia milo, na sisi tunapenda mwalimu anayethubutu. Lakini kampuni ilimchukua akawa msemaji wake, na filamu fupi juu ya milo hiyo 540 ikapelekwa mashuleni pamoja na mwongozo wa kuwafundishia vijana habari ya kuchagua chakula. Wazazi na wataalamu wa lishe walipinga, na mwaka 2016 kampuni ikaacha kuipeleka kazi hiyo mashuleni. Angalieni ni nani aliyetafutwa. Hakuwa mwimbaji, hakuwa mchezaji wa mpira. Alikuwa mwalimu.

Hapa tunasikia sauti ya kijana wa nyuma kabisa, yule ambaye kila mkutano hutuuliza swali gumu. Anasema: Mwalimu, hayo ni matatizo ya watu walioshiba. Kule karibu mtoto 1 kati ya 5 ana unene uliopita kiasi; huku kwetu tunatafuta sahani ya jioni. Mkahawa huo ungefunguliwa hapa na kuipa shule yetu asilimia 15, ungeukataa?

Swali hilo ni la haki, na hatutalijibu kwa haraka. Kwanza tukiri kosa letu. Kwa miaka mingi tuliwapa peremende watoto walioshika sala kwa moyo. Mtoto akisema sala bila kukosea, peremende moja. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi, mpaka siku moja tulipokosa pesa ya peremende na tukaona nusu ya watoto hawafungui midomo. Walikuwa wamejifunza kwa uaminifu kile tulichowafundisha, yaani kwamba sala ni njia ya kupata peremende. Kule Marekani kampuni ya Pizza Hut imekuwa tangu mwaka 1984 na mpango wa kuwapa watoto piza ndogo wakisoma idadi fulani ya vitabu. Watu wazima wengi waliopitia mpango huo wanaukumbuka kwa furaha, na wapo wanaosema uliwafungulia mlango wa vitabu. Hatuwezi kuwakanusha, furaha ya mtoto aliyeshika piza yake mwenyewe si kitu cha kudharau. Tunasema tu kwamba sisi tulijaribu jambo hilo hilo kwa peremende, na peremende ilibaki kichwani kuliko sala.

Pili, na hapa tunazungumza na ninyi mliozaliwa baadaye. Sisi Wakongo tunajua vizuri kuliko Wamarekani jinsi mambo yanavyoharibika pale mwalimu anapotegemea mfuko wa mtoto. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio waliobeba mishahara yao kwa zile ada za motisha. Bila wazazi hao shule nyingi zingefungwa, na tunawashukuru hata leo. Lakini tulikuwa walimu wakati huo. Asubuhi za mwisho wa mwezi tulisimama mlangoni mwa darasa na orodha mkononi, tukisoma majina ya wale ambao hawajalipa, nao walichukua mifuko yao na kurudi nyumbani. Kulikuwa na mtoto mmoja, mdogo, ambaye kila siku alikuwa akitukimbilia njiani ili atubebee mkoba. Baada ya kusomwa jina lake mara mbili, alianza kupita njia ya nyuma, karibu na vyoo, ili asikutane nasi. Hatukuwa tumemkosea neno. Tulikuwa tumesoma jina lake tu katika orodha tuliyopewa. Mwezi Septemba 2019 serikali ilipoanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba, kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, wengi walizungumza juu ya madarasa yaliyofurika na mishahara iliyochelewa, na walisema kweli. Sisi tulimkumbuka yule mtoto.

Kwa hiyo tunapomwona mwalimu wa Marekani nyuma ya kaunta, hatumwoni kama mgeni. Orodha yetu na aproni yake zimetoka katika upungufu ule ule: shule isiyolipiwa na wale wanaopaswa kuilipia. Tofauti ni kwamba orodha yetu ilimfukuza mtoto, na aproni yake inamvuta mtoto. Kuvuta ni kutamu zaidi, na pengine ndiyo sababu ni vigumu zaidi kuona kilichopotea.

Walimu wenyewe wameona, tena ndio walioona mapema. Mwaka 2015 zaidi ya vyama 50 vya walimu nchini Marekani, pamoja na kile kikubwa kuliko vyote, National Education Association, viliweka jina katika barua ya wazi kwa McDonald's vikidai kwamba usiku wa walimu ukome. Hawakusema kwamba hawataki fedha za shule. Walisema kwamba hawataki kutumiwa kuwauzia wanafunzi wao kitu. Kuna heshima kubwa katika mtu mwenye mahitaji anayesema hivyo.

Sheria inasaidia kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba mahali watoto wanapokusanyika, shule zikiwamo, pasiwe na matangazo ya vyakula vyenye mafuta, sukari au chumvi nyingi. Katika jimbo la Québec nchini Kanada, ambako baadhi yenu mna shangazi na wajomba, matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13 yamekatazwa tangu 1980, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoulizwa mwaka 1989 ilisema sheria hiyo ni halali. Marekani nayo, mwaka 2016, iliziamuru shule zinazopokea msaada wa serikali kwa chakula cha wanafunzi zizuie ndani ya shule matangazo ya vyakula visivyotimiza masharti ya lishe. Lakini amri hiyo inahusu siku ya masomo, nayo siku ya masomo kisheria huanza usiku wa manane na kwisha dakika 30 baada ya kengele ya mwisho. Mkahawa uko ng'ambo ya barabara, na walimu huvaa aproni saa kumi na moja jioni.

Pale sheria isipofika, fadhila hupita. Tunakumbuka mji wa San Francisco, ambao ulikataza kutoa bure vitu vya kuchezea pamoja na milo ya watoto isiyofikia kiwango cha lishe. Sheria ilipoanza kutumika mwishoni mwa 2011, McDonald's haikuviondoa vitu hivyo. Iliviuza kwa senti 10 za ziada, na senti hizo zikapelekwa katika kazi ya kuwasaidia wazazi wenye watoto wagonjwa. Ni kazi njema kwelikweli, nasi hatutanii. Ila tazameni jinsi tendo jema lilivyotumika kama ngazi ya kuruka ukuta.

Turudi nyumbani, maana mlikuwa mnangoja tufike hapa. Huku kwetu hakuna mkahawa unaowaita walimu wasimame kauntani. Kuna vinywaji, biskuti na simu. Miaka miwili iliyopita, mnakumbuka, wakala wa kampuni moja ya vinywaji alitujia kabla ya kermesi. Alikuwa kijana mwenye adabu, mtoto wa mtaa huu. Alitupa mahema, viti, vipaza sauti, na fulana themanini kwa watoto wa kwaya ndogo, kila moja na nembo kifuani. Aliomba jambo moja tu, kwamba watoto wazivae wakati wa kuimba. Kamati ilikubali kwa dakika tano, na sisi tulikuwa katika kamati hiyo na tulinyosha mkono kama wengine. Kermesi ilifana. Fedha zilipatikana.

Fulana zimebaki. Kwa watoto wengine fulana ile ndiyo nguo yao nzuri kuliko zote, na Jumapili mama yao huwafulia hiyo. Wanakuja nayo katekisimu, wanakuja nayo shuleni, mmoja aliivaa siku ya kumzika bibi yake. Hatuwezi kumwambia mtoto aivue. Tungempa nini badala yake? Tuliuza vifua themanini kwa mahema ya siku moja, na hatukujua kwamba mkataba hauna mwisho.

Mwaka huu wakala atarudi, na safari hii mtakaoketi naye ni ninyi. Hatusemi mfukuzeni. Biashara si dhambi, na mahema ni mahema. Muulizeni jambo moja: je, msaada huu utabaki kama nembo haitavaliwa na mtoto? Akisema ndiyo, mshukuruni, mkamsome jina mbele ya watu wazima wote, hata mara mbili. Akisema hapana, basi mmejua alikuwa analipia nini, na mtaweza kuamua kama mna mamlaka ya kukiuza. Wilaya ya Seminole ingeuliza swali hilo mapema, ingejua kama dola zile 1,600 zilikuwa zawadi au bei.

Na msituambie kwamba hakuna njia nyingine. Mama zenu walipika maharage na mandazi kwa ajili ya paa la kanisa, wakauza kwa siku sita, na kila franka ilibaki hapa, si 15 katika kila 100. Ilikuwa kazi ngumu, walichoka, wengine waligombana juu ya makaa. Njia hiyo si nyepesi.

Ndugu yetu wa Marekani tulimjibu kwa simu badala ya barua, kwa kuwa Jumanne ilikuwa karibu. Tulimwambia asimnyime mtoto kumwona mwalimu wake, kwa sababu mtoto hakuandika karatasi ile. Tulimwambia pia aende shuleni siku nyingine, bila mtoto, na kumweleza mwalimu yale aliyotueleza sisi, kwa heshima, kama mtu anayemwogopea mwalimu na si kama mtu anayemshtaki.

Alikwenda mkahawani pamoja na binti yake kabla ya kuingia kazini. Mwalimu alimtafuta mtoto kwa macho kama alivyoahidi, akamkumbatia juu ya kaunta. Juma lililofuata alikwenda shuleni. Anasema mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye naye hapendi, lakini darasa lake lina watoto 28 na vitabu vya kusoma 19. Sasa baadhi ya wazazi, Wakongo wawili, Mmeksiko mmoja na bibi mmoja mzaliwa wa pale, wanaomba ukumbi wa shule ili wapike wenyewe mwezi wa tano. Mkuu wa shule hajawajibu. Mke wake amekwisha kuulizia bei ya ndizi za kupika.